Maisha ya Mama Bertha Benz na Vitesi ya Mlima

Wenzetu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, tumeona vema kuwaeleza maisha ya mama mmoja aliyesaidia motokari kushinda mlima.

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, nchi ya Ujerumani. Mwaka 1872 aliolewa na Karl Benz, fundi wa mashini. Mbele ya ndoa alikuwa amekwisha kutoa mali yake ili kuokoa karakana ya Karl. Mwaka 1886 Karl alipata hati ya uvumbuzi kwa motokari yake ya magurudumu matatu. Kumbe wanunuzi walikuwa haba! Mali na kazi ya miaka mingi vilikuwa hatarini.

Mwezi wa Agosti 1888, bila kumwambia bwana yake, Mama Bertha alichukua ile motokari pamoja na wana wake Eugen na Richard. Walitoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilometa zaidi ya 100. Mafuta walinunua kwa duka la dawa mjini Wiesloch. Lakini kwenye milima motokari ilikataa kabisa, ikabidi kuisukuma kwa mikono.

Sababu ni nini? Motere ikizunguka pole mno haina nguvu, mwisho inazima. Tuchukue gurudumu dogo la meno 10 linalozungusha kubwa la meno 40. Dogo likizunguka mara 4, kubwa linazunguka mara 1 tu. Hivi motere inashika mbio yake, magurudumu ya chini yanakwenda pole, lakini kwa nguvu karibu mara 4. Kwa motokari ya Benz kulikuwa mikanda na minyororo, lakini hesabu ni ile ile.

Baada ya safari Mama Bertha alieleza shida yote, na Karl akaongeza vitesi ndogo kwa ajili ya milima. Mama huyu alikufa tarehe 5 Mei 1944, siku 2 nyuma ya kutimiza miaka 95.

Basi, tukisikia lori inanguruma kwa vitesi ya kwanza katika njia ya Kalemie, tusicheke ati inashindwa. Dereva amechagua vema. Na sisi, mbele ya somo gumu, tupunguze mwendo, lakini tusizime motere.