Daudi Kabaka: Mfalme wa Twist Ambaye Ngoma Yake Iliingia Chati za Uingereza

Hebu jiweke Emali, saa saba mchana. Umeshuka basi ya Mombasa, unangoja matatu ya Loitokitok, na jua halina huruma. Umeagiza chai na chapo. Hotelini spika imekuwa ikipiga benga ya Kikamba, halafu mwenye hoteli anageuza redio, zilipendwa zinaanza. Inaingia Helule Helule. Mguu wako unacheza chini ya meza kabla hujajua. Sasa niambie, nani aliimba hiyo ngoma?

Kama umekwama, tulia nikupe stori ya Daudi Kabaka.

Alizaliwa 1939 Kyambogo, Uganda, kwa familia yenye asili ya Kenya. Huko Buganda, Kabaka ndiye mfalme. Huyu wetu hakuwa na ikulu, lakini alipotua Nairobi akiwa bado kijana, gitaa lilimpa taji lake. Mpaka leo wazee wanamwita Mfalme wa Twist.

Na hiyo twist ilitoka wapi? Mwaka wa 1960 Chubby Checker aliirudia ngoma ya Hank Ballard, na Marekani yote ikaanza kuzungusha kiuno. Redio na sahani za santuri zikaileta mpaka kwetu. Lakini wasee wa Nairobi hawakukopi na kubandika. Waliichanganya na kwela ya Afrika Kusini, wakaimba Kiswahili, ikazaliwa African Twist. Kabaka alirekodi Equator, studio ya Charles Worrod, pamoja na Fadhili William wa Malaika, na majamaa wawili kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Harambee Harambee, Msichana wa Elimu, Pole Musa: muulize buda yako, atakuimbia zote bila kukosea.

Sasa shika kiti. Uingereza kulikuwa na bendi inaitwa The Tremeloes. Hawa ndio kampuni ya Decca iliwachagua mwaka wa 1962 na kuwaacha Beatles. Walikuwa wamelelewa na rock'n'roll ya kina Buddy Holly, na kurudia ngoma za watu ilikuwa kazi yao ya kila siku. Silence Is Golden, iliyowapeleka namba 1 mwaka wa 1967, ilikuwa ya The Four Seasons. Mwaka wa 1968 wakachukua Helule Helule ya Kabaka, wakaipiga kivyao, ikafika namba 14 kwa chati za Uingereza.

Ebu fuata hiyo safari. Mdundo ulitoka ng'ambo, ukafika Nairobi, ukavalishwa nguo zetu, halafu wenyewe wakaja kuuomba tena. Hapo hakuna aliyemwonea Mwafrika huruma. Ngoma ilikuwa kali, basi.

Lakini kuna upande unaouma. Shabiki wa huko akinunua ile santuri, aliwajua Waingereza wanne. Mwenye ngoma alibaki huku nyumbani. Na huku nako, miaka ya 70 benga ikashika usukani, twist ikaanza kuitwa ya wazee. Kabaka alifariki Novemba 2001, na siku hizi ngoma zake unazipata kwa vipindi vya zilipendwa, kwa harusi za ocha, na kwa redio ya hoteli kama hiyo ya Emali.

Sisi tunawaka tukisikia msanii wa nje amechukua biti ya Mkenya. Sawa, tuwake. Lakini utateteaje chako na hujui kilitengenezwa na nani? Kabaka alifika kwa chati zao zaidi ya miaka 50 iliyopita, bila intaneti, bila meneja wa mitandao, na wengi wetu tunacheza ngoma yake kama haina mwenyewe.

Kwa hivyo makanga akianza kuita Loitokitok, maliza chai yako, lipa, halafu umwambie msee wa meza ya pili jina la aliyeimba: Daudi Kabaka.