Frank Rosenblatt, aliyefundisha mashine kujifunza kwa makosa yake

Umeme unashuka ghafla, kisha unapanda na kuunguza friji. Leo mainjinia hufundisha kompyuta kutambua hitilafu kama hizo kwenye laini, kwa kutumia mitandao ya neva bandia. Njia hiyo inatoka mbali.

Frank Rosenblatt, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 11 Julai 1928, hakuwa fundi umeme, alisomea saikolojia. Mwaka 1957, katika maabara ya Cornell mjini Buffalo, alibuni Perceptron. Mwaka uliofuata, baada ya majaribio 50, kompyuta ilitofautisha yenyewe kadi zenye alama kushoto na zenye alama kulia. Kila ilipokosea, ilibadilisha kidogo uzito wa viungo vyake. Baadaye alijenga mashine yenye macho 400 ya umeme, na mota ndizo zilizogeuza uzito huo.

Magazeti yalishangilia, tena kupita kiasi. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walitoa kitabu kilichoonyesha mipaka ya Perceptron, na wengi wakaiacha. Rosenblatt alikufa katika ajali ya mashua mwaka 1971, siku aliyotimiza miaka 43. Mitandao ya safu nyingi ilipata nguvu katika miaka ya 1980, ndipo watu wa umeme wakaichukua.