Rikidozan: Shujaa wa Japani aliyeficha kwao hadi kaburini

Jioni ya Februari 19, 1954, maelfu ya wakazi wa Tokyo walijazana mbele ya televisheni zilizowekwa hadharani, nje ya vituo vya treni na kwenye viwanja vya mji. Wachache sana walikuwa na televisheni nyumbani, kwani matangazo yenyewe yalikuwa na mwaka mmoja tu tangu yaanze nchini humo. Kilichowatoa majumbani ni mieleka. Ulingoni walikuwamo Rikidozan na mwenzake Masahiko Kimura, wakikabiliana na ndugu wawili wazungu wenye miili mikubwa, Ben na Mike Sharpe.

Japani ilikuwa imeshindwa vita mwaka 1945 na kukaliwa na majeshi ya kigeni yakiongozwa na Marekani hadi 1952. Kwa watu waliozoea kuinamisha vichwa mbele ya askari wageni, kumwona mwenzao akimtandika mzungu kwa ukingo wa kiganja, pigo baada ya pigo hadi aanguke, kulikuwa kama dawa. Pambano liliisha kwa sare, lakini mitaani watu walirudi nyumbani kama washindi.

Tatizo ni kwamba wote waliokuwa wakishangiliwa na kuzomewa walikuwa na lebo isiyo yao. Ndugu wa Sharpe, ambao umati uliwaona kuwa ndiyo Marekani yenyewe, walikuwa Wakanada kutoka Hamilton, Ontario. Na Rikidozan, aliyekuwa akilipiza kisasi cha Japani, hakuzaliwa Japani. Alikuwa Mkorea.

Jina lililofutwa

Jina lake la kuzaliwa ni Kim Sin-rak. Alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la Hamgyong Kusini, ambalo leo liko Korea Kaskazini. Wakati huo hapakuwa na Kaskazini wala Kusini. Rasi nzima ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, na Wakorea walihesabiwa kuwa raia wa himaya ya Japani, ila wa daraja la chini.

Kijana huyo alikuwa na nguvu, na sifa zake ziliwafikia Wajapani waliokuwa wakitafuta vijana wa kucheza sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani. Alivuka bahari, akaingia kambi ya Nishonoseki na kucheza mashindano yake ya kwanza mwaka 1940. Huko ndiko alikopewa jina la ulingoni, Rikidozan. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianza kuwashinikiza Wakorea wote wachukue majina ya Kijapani. Kwa hiyo suala la jina halikuwa la kijana mmoja mwenye tamaa ya ukubwa. Lilikuwa sera ya dola.

Katika sumo alipanda hadi cheo cha sekiwake, ngazi ya tatu kutoka juu. Mwaka 1950, akiwa bado na nguvu zake, alikata kwa mkono wake mwenyewe kishungi cha nywele ambacho ndicho alama ya mchezaji wa sumo, akaondoka. Sababu zimebishaniwa tangu hapo. Wapo wanaotaja fedha na ugomvi na mkuu wa kambi yake, na wapo wanaosema alijua kwamba mtu wa asili yake hataruhusiwa kufika juu kabisa.

Miaka hiyohiyo aliingizwa katika daftari la familia la Kijapani kwa jina la Mitsuhiro Momota, mzaliwa wa Omura, mkoa wa Nagasaki. Karatasi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa. Aprili 28, 1952, mkataba wa amani ulipoanza kutumika, Wakorea wote waliokuwa wakiishi Japani walipoteza uraia wa Japani kwa siku moja. Waliolala wakiwa raia waliamka wakiwa wageni. Rikidozan hakuguswa, kwa sababu kwenye karatasi hakuwa tena Mkorea. Nyuma yake, kwao palikuwa pameshageuka uwanja wa vita tangu Juni 1950, na vita vilipokoma mwaka 1953 mpaka ulifungwa. Hata angetaka kurudi, njia haikuwapo.

Biashara ya mikanda

Baada ya sumo alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya mfadhili wake. Mwaka 1951 kundi la wanamieleka wa Marekani lilifika Japani kwa maonyesho ya hisani, na mmoja wao, Bobby Bruns, akamfundisha misingi. Oktoba 28 mwaka huo Rikidozan alipigana naye kwa mara ya kwanza, wakatoka sare. Mwaka uliofuata alikwenda Hawaii, kisha San Francisco, akirudia mazoezi na mapambano hadi akaiva.

Huko hakujifunza kupigana tu, alijifunza pia soko. Mieleka ya kulipwa, tofauti na ile ya Olimpiki, ni mchezo ambao mshindi hupangwa mapema. Marekani ilikuwa imegawanywa katika maeneo, kila promota na eneo lake, na tangu 1948 wengi wao walikuwa wameungana chini ya chama kiitwacho NWA. Walimtambua bingwa mmoja wa dunia, ambaye alizunguka eneo kwa eneo akipambana na nyota wa kila mahali. Bingwa akija, uwanja unajaa. Nyota wa mji akimtoa jasho, anapanda thamani hata kama hakushinda, na bingwa anasafiri kwenda kujaza uwanja mwingine.

Rikidozan alirudi Tokyo mwaka 1953, na chama cha mieleka cha Japani kikaundwa akiwa mhimili wake. Kuanzia hapo alifanya kile ambacho mfanyabiashara wa mpakani atakitambua mara moja: aliagiza kutoka nje bidhaa isiyopatikana ndani. Bidhaa yenyewe ilikuwa wazungu wakubwa, wakali, walio tayari kuanguka. Oktoba 1957 alimleta bingwa wa dunia wa NWA, Lou Thesz, wakapigana dakika 60 bila mshindi. Inatajwa kwamba asilimia 87 ya televisheni zilizohesabiwa ziliwekwa kwenye pambano hilo. Agosti 27, 1958, mjini Los Angeles, alimshinda Thesz na kurudi nyumbani na mkanda wa kimataifa. Machi 1962, mjini humohumo, alimnyang'anya Freddie Blassie mkanda mwingine.

Blassie alipokuja Japani mwezi uliofuata, akiwa maarufu kwa kung'ata wapinzani hadi damu, magazeti yaliripoti kwamba baadhi ya wazee waliokuwa wakitazama televisheni walikufa kwa mshtuko. Hata hivyo hamu ya watu haikupungua. Mei 24, 1963, pambano lake na Mmarekani aliyevaa kinyago, aliyejulikana kama The Destroyer, lilitazamwa katika asilimia 64 ya kaya zilizopimwa. Hadi leo linatajwa miongoni mwa matangazo yaliyotazamwa zaidi katika historia ya Japani.

Fedha zilimjia kwa wingi. Alijenga jumba la michezo Shibuya, akamiliki majengo ya kupangisha na klabu za usiku, akaanza mradi wa uwanja wa gofu.

Aliyemgeuka mwenzake

Utajiri huo una doa, na doa lenyewe linaanzia kwa mtu aliyesimama naye bega kwa bega ile jioni ya 1954.

Masahiko Kimura alikuwa gwiji wa judo, aliyemshinda Hélio Gracie mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Lakini katika mapambano na ndugu wa Sharpe yeye ndiye aliyepangiwa kuanguka, ili Rikidozan aje kuokoa jahazi. Alichoka na kazi hiyo. Mwishoni mwa 1954 alitamka hadharani kwamba katika pambano la kweli angemshinda Rikidozan.

Walikutana Desemba 22, 1954, kugombea ubingwa wa Japani. Kwa maelezo ya Kimura ya baadaye, walikuwa wamekubaliana kutoka sare, kisha warudiane na kupokezana ushindi. Katikati ya mchezo Rikidozan aligeuka, akaanza kumpiga makofi na mateke ya kweli. Kimura, ambaye hakuwa amejiandaa kwa vita, alilala chini akivuja damu na pambano likasimamishwa. Upande wa Rikidozan ulidai Kimura ndiye aliyeanza kwa kumpiga teke mahali pabaya. Maelezo yoyote utakayoyaamini, matokeo ni yaleyale: soko likabaki na mwenyewe mmoja, na Kimura aliishi hadi 1993 akiwa na kidonda hicho.

Hata wanafunzi wake walionja mkono wake. Mwaka 1960, katika ziara ya Brazil, alimkuta Antonio Inoki, kijana wa Kijapani wa miaka 17 aliyekuwa amehamia huko na familia yake. Alimchukua akarudi naye Tokyo, ambako alimpokea pia Giant Baba, mchezaji wa zamani wa besiboli. Inoki alisimulia baadaye jinsi alivyokuwa akipigwa na kudhalilishwa na mwalimu wake.

Lakini mtu huyohuyo aliwahi kufanya jambo jingine. Kijana wa Kikorea aitwaye Kim Il alivuka bahari kwa siri kutoka Korea Kusini ili afundishwe naye, akakamatwa kwa kuingia Japani bila kibali. Rikidozan alitumia marafiki zake wakubwa kumtoa, akampokea kambini na kumpa jina la Kijapani, Kintaro Oki. Inoki alipopanda ulingoni kwa mara ya kwanza, Septemba 30, 1960, aliyemshinda ni huyo Kim Il.

Kisu na baada yake

Januari 1963 Rikidozan alitembelea Korea Kusini, ambayo wakati huo haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Japani. Huko alipokewa kama mtoto wa nyumbani. Gazeti moja la Tokyo lilipoandika kwamba amerudi alikozaliwa, alikasirika. Kwa mashabiki wa Japani aliendelea kuwa mtu wa Nagasaki.

Desemba 7 mwaka huo alipigana mjini Hamamatsu. Usiku wa Desemba 8, katika klabu ya New Latin Quarter, Akasaka, aligombana na kijana wa genge la wahalifu, naye akamchoma kisu tumboni. Alifanyiwa upasuaji na ilionekana angepona. Hali ikabadilika, akapasuliwa tena, na usiku wa Desemba 15 alifariki kwa uambukizo tumboni. Alikuwa na miaka 39. Muuaji alifungwa.

Chama chake kilidumu miaka 10 tu baada yake. Mwaka 1972 Inoki na Baba walikwenda kila mmoja kuanzisha kampuni yake, na mwaka uliofuata chama cha zamani kikafa. Kim Il alirudi Korea Kusini na kuwa shujaa wa mieleka huko, safari hii kwa jina lake.

Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla Wajapani wengi hawajasoma ukweli kuhusu asili ya shujaa wao. Ulipojulikana, wenye kumdai walikuwa wengi. Korea Kaskazini, alikobaki binti yake, ilimtangaza kuwa mzalendo. Korea Kusini ilitoa filamu ya maisha yake mwaka 2004. Aprili 1995 Inoki, wakati huo akiwa mwanasiasa, alipeleka mieleka Pyongyang akisema anairudisha nchi ya mwalimu wake. Kampuni yake na ile ya WCW ya Marekani zilishirikiana kwa siku mbili katika Uwanja wa Mei Mosi, Muhammad Ali akiwa mgeni. Pambano kuu, Inoki dhidi ya Mmarekani Ric Flair, lilitazamwa na umati ambao waandaaji walidai ulizidi watu 150,000. Jina ambalo halikuweza kutamkwa Tokyo mwaka 1954 ndilo lililofungua mlango ambao wanadiplomasia walishindwa kuufungua.

Wahenga wametufundisha kwamba mwacha asili ni mtumwa, na ni rahisi kumhukumu Rikidozan kwa msemo huo. Lakini msemo huo unadhani mtu aliachia kwa hiari. Yeye alizaliwa katika nchi iliyokuwa imechukuliwa, akapewa jina na wengine, kisha akakuta sheria inayowaacha wenzake bila uraia na mpaka usiopitika. Ukatili wake kwa Kimura na kwa wanafunzi ni wake mwenyewe, hauwezi kusingiziwa ukoloni. Uongo wa kwao, hata hivyo, aliusema akiwa mbele ya soko lililokuwa likinunua Mjapani, si mwanamieleka.

Sisi tunaovusha mahindi, vitenge na samaki tunakijua cheti cha uasili wa bidhaa. Mwenye nacho hupita na unafuu wa ushuru, asiyenacho hulipa. Rikidozan alilazimika kubeba cheti cha aina hiyo mwilini mwake, na kilikuwa cha kughushi. Amezikwa katika hekalu la Ikegami Honmonji, Tokyo, penye sanamu yake ya shaba, na watu bado huenda kumtazama. Iwapo wale waliojazana vituoni mwaka 1954 wangemshangilia vilevile kama wangejua anatoka wapi, hakuna awezaye kusema. Yeye hakuthubutu kuwapa nafasi ya kujibu.