Shabaha Huanzia Akilini: Maisha ya Bell wa Karamoja

Kila mwalimu anayeandaa somo huandika shabaha zake kabla ya kuingia darasani, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba neno hilo lina harufu ya baruti. Shabaha ni kile kinacholengwa kwa mshale au risasi. Ni ustadi wenyewe wa kulenga. Tena ni kusudi la moyo. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaohusu mfanano, mzizi uleule uliotuzalia kushabihi na kushabihiana. Lengo nalo ni mtoto wa kulenga. Kwa hiyo Kiswahili kimeliweka jicho la mwindaji na nia ya mwanadamu katika chungu kimoja, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuyachunguza maneno, naona kwamba lugha yetu haikukosea.

Nayaandika haya nikiwa Chechelesi, pembeni mwa mji wa Isiolo, mji wa kambi za wanajeshi na lango la kuendea kaskazini mwa Kenya. Huku bunduki si hadithi ya vitabuni. Wapo wanaoibeba kwa kiapo cha serikali, na wapo walioipata kwa njia za panya ili kulinda mifugo yao au kupora ya wengine. Vijana wetu wa shule wanaifahamu kwa sura na kwa mlio. Aghalabu huamini kuwa mlenga shabaha hodari ni mtu aliyezaliwa na jicho kali, mkono mwepesi na roho ngumu. Ningependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zinaikanusha imani hiyo, kisha zinatuachia swali zito zaidi.

Mtu huyo ni Walter Dalrymple Maitland Bell, anayejulikana zaidi kwa jina la Karamojo Bell. Alizaliwa Septemba 1880 karibu na mji wa Edinburgh, Uskoti, katika jamaa yenye mali. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule haikumkaa. Alitoroka zaidi ya mara moja, na alipokuwa na umri wa miaka 13 alikwisha kwenda baharini. Mawazo yake yote yalikuwa Afrika na ndovu wake, mithili ya mtoto wa siku hizi anayeota uwanja wa kandanda.

Mwaka 1896, kazi ya kujenga reli ya Uganda ilipokuwa inaanza, kijana huyo alishuka Mombasa. Alipata kibarua cha kuwaua simba waliokuwa wakiwasumbua wafanyakazi wa reli. Bunduki yake ilipokea risasi moja tu kwa wakati, na inasimuliwa kuwa katika joto la huku ganda la risasi iliyokwisha kutumika lilikuwa likikwama ndani, akabaki na chuma kisicho na faida mbele ya mnyama mkali. Hapo alipata funzo la kwanza: chombo usichokijua tabia yake ni adui wa pili. Baadaye alikwenda Kanada wakati wa kukimbilia dhahabu ya Klondike, akawa anawinda ili kuwauzia nyama wachimbaji. Kutoka huko alijiunga na kikosi cha wapanda farasi wa Kanada kilichopigana katika vita vya Makaburu. Vita vilipokwisha mwaka 1902 alirejea Afrika Mashariki.

Wakati huo Mumias ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara, na kutoka hapo Bell aliongoza wapagazi wake kaskazini kuelekea Karamoja, nchi ambayo utawala wa Kiingereza ulikuwa bado haujaishika. Wafanyabiashara wa pembe, wakiwamo Waswahili na Waarabu wa pwani, walikuwa wamekwisha kufika. Bell aliishi na kuwinda huko kwa miaka kadhaa, na jina la nchi likawa jina lake.

Sasa tuingie katika kiini cha habari. Wawindaji wengi wa zama zile waliamini kuwa mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Walibeba silaha nzito zenye risasi nene, ambazo kishindo chake kilimtikisa mfyatuaji hadi mifupani. Bell alishika njia nyingine. Aliyoipenda zaidi ilikuwa bunduki nyepesi yenye risasi nyembamba ya milimita 7, ambayo wengi wangeiona inafaa kwa swala. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini Bell alilichagua jembe lake baada ya kulijua shamba vizuri.

Aliyakata mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Ubongo wa ndovu umefichika nyuma, ndani ya kichwa kikubwa ambacho sehemu yake nyingi ni mfupa wenye vitundu mithili ya sega la asali. Anayefyatua kwa kukisia kichwa kizima atamjeruhi mnyama na kumfanya hatari. Anayejua njia ya kuufikia ubongo kutoka mbele, ubavuni, au hata nyuma kwa mshazari, anahitaji risasi ndogo tu, nyembamba na ngumu, inayokwenda moja kwa moja bila kupinda. Hadi leo pigo lile la kutoka nyuma kwa mshazari lina jina la Bell miongoni mwa wawindaji.

Bunduki nyepesi ilikuwa na faida nyingine, nayo ni ya nafsi kuliko ya mwili. Mtu anayeogopa kishindo hujikunja kabla ya bunduki kulia. Bega hukaza, jicho hufumba na mtutu huyumba kwa unywele mmoja. Hofu hiyo ndiyo adui mkubwa wa shabaha, nayo haiondolewi kwa ujasiri wa mdomo. Huondolewa kwa mazoea. Bell alikuwa na desturi ya kuibeba bunduki yake mwenyewe safarini badala ya kumwachia mpagazi, akiiinua na kulenga vitu mbalimbali njiani, na kufanya mazoezi ya kufyatua ikiwa tupu. Hapakuwa na mlio, moshi wala mtazamaji wa kumsifu. Mkono ulifundishwa kazi yake hadi ukaifanya bila kuulizwa, na akili ikabaki huru kutazama na kuamua.

Fauka ya hayo, alitembea. Husimuliwa kwamba katika mwaka mmoja wa uwindaji alichakaza jozi 24 za viatu. Na hakutembea peke yake. Mkaramoja mmoja aitwaye Pyjalé alikuwa kiongozi wake wa njia na msomaji wa nyayo. Bell aliahidi zawadi ya ng'ombe kwa wenyeji ambao habari zao zingemfikisha kwenye ndovu wakubwa, naye akaitimiza ahadi. Hivyo basi, nyuma ya pigo moja lililochukua nukta moja palikuwa na siku nyingi za nyayo, kiu, mazungumzo na maarifa ya watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa.

Msomaji anaweza kuuliza: je, mwindaji aliyefyatua kwa karibu ana uhusiano gani na mashindano ya leo ya kulenga shabaha kwa mbali? Ni kweli kwamba Bell hakuwa mtu wa medali. Katika viwanja kama Bisley huko Uingereza, ambako mashindano yamekuwa yakifanyika tangu 1890, washindani hulenga duara lililo umbali wa yadi 1,000, yaani zaidi ya mita 900. Risasi husafiri kwa zaidi ya sekunde moja kabla ya kufika, na upepo wa wastani unaokatiza njia yake unaweza kuisukuma kando kwa mita mbili au zaidi. Mshindani husoma majani, vumbi na bendera. Husoma hata mazigazi, yale mawimbi ya joto tunayoyaona kila adhuhuri yakicheza juu ya tambarare za Isiolo, kwa kuwa jinsi yanavyoinama ndivyo upepo unavyokwenda. Huandika katika daftari lake kila risasi ilikoangukia na sababu yake. Hutoa pumzi nusu, hutulia, hubana kidole polepole, na baada ya mlio hubaki vilevile kana kwamba hakijatokea kitu. Akikosa, halaumu upepo. Huandika, husahihisha, huanza upya.

Umbali ni tofauti, lakini malezi ya akili ni yaleyale. Bell na mshindani wa Bisley wote wawili hukamilisha kazi yao kabla ya kidole kugusa chuma. Kwanza hukijua chombo, kisha hukijua kinacholengwa, kisha hujijua nafsi. Na wote wawili wana uwezo wa kushusha bunduki bila kufyatua pale hali isiporidhisha. Huo nadhani ndio upeo wa nidhamu. Asiye na nidhamu hufyatua kwa sababu amebeba bunduki, ilhali mwenye nidhamu hufyatua kwa sababu ameridhika.

Maisha ya Bell yaliendelea kwa mtindo huo. Kutoka Karamoja aliwinda katika eneo la Lado kando ya Nile, kisha Afrika Magharibi na misitu ya Kongo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijifunza urubani, akarushwa katika anga ya Tanganyika dhidi ya Wajerumani na baadaye katika medani za Ulaya, akapata nishani ya kijeshi. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu safari zake za kuwinda ndovu, na kingine kuhusu Karamoja kikatoka 1949. Uzeeni aliishi katika nyanda za juu za Uskoti, akichora picha, akisafiri kwa jahazi lake pamoja na mkewe Kate, akiwinda kulungu milimani. Alifariki Juni 1954.

Hesabu yake ilikuwa ndovu zaidi ya 1,000.

Hapo ndipo sifa inapogota. Pembe hizo zilivuka bahari zikawa vibao vya piano na mipira ya kuchezea biliadi. Sheria za makoloni jirani zilikuwa zimeanza kuweka mipaka ya idadi ya ndovu ambao mtu mmoja aliruhusiwa kuua. Karamoja ilipendwa na wawindaji hasa kwa kuwa mkono wa sheria haukuwa umeifikia. Tena biashara ya pembe haikupita bila kuacha kitu nyuma yake. Wafanyabiashara walilipia pembe kwa bunduki, na tangu miaka ile silaha zilianza kuota mizizi miongoni mwa wafugaji wa ukanda huu wa kaskazini. Sisemi kwamba Bell ndiye aliyeyaleta yote haya. Nasema kwamba msafara wake ulipita katika njia ileile.

Matokeo tuliyaona hapa kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini majangili hawakusoma gazeti la serikali. Kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi, waliobaki walikadiriwa kuwa takribani 16,000. Hesabu ya mwaka 2021 iliwapata 36,280. Baadhi yao ni wale wanaokunywa maji ya Ewaso Ng'iro, katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Tumhukumu vipi basi mtu huyu? Wapo watakaosema tumtazame kwa macho ya zama zake, na hoja hiyo ina uzito. Wapo watakaosema jina lake lifutwe, nao pia nawaelewa. Kwangu mimi somo lake ni moja lenye pande mbili, na sioni haki ya kumpa mwanafunzi upande mmoja tu. Alitufundisha jinsi ya kulenga kuliko wengi waliomtangulia. Hakutufundisha nini cha kulenga. Utulivu, subira, mazoezi yasiyo na mtazamaji, kujisahihisha bila visingizio: hayo yote ni nguvu isiyo na dini wala dhamira. Humtumikia daktari wa upasuaji kama linavyomtumikia jangili lile jicho lake. Askari aliyeapa kulinda raia anayahitaji, na kwa bahati mbaya mwizi wa ng'ombe anaweza kujifunza pia.

Ndiyo maana narudi kwenye neno letu. Kiswahili hakikumpa mlengaji neno moja la jicho na lingine la nia. Kilimpa shabaha, kikamwachia azijaze maana zote mbili. Kijana wa Isiolo anayesifiwa na wenzake kwa kutokosa anapaswa kuulizwa, na mwalimu wake awe wa kwanza kumuuliza, ni kitu gani hicho asichokikosa. Kama ni duara la karatasi uwanjani, mbele ya waamuzi na kwa mujibu wa sheria, tumpigie makofi, maana amejishinda nafsi yake kabla ya kuwashinda wengine. Kama ni mchungaji wa jirani au ndovu wa Shaba, basi ujuzi wake wote ni hasara, na kadiri anavyozidi kuwa hodari ndivyo hasara inavyozidi.

Nasi walimu tusijitoe katika swali hilo. Tunapoandika shabaha za somo kila asubuhi, tuandike kwa uangalifu wa mtu aliyeshika kitu kinachoweza kuua au kulisha. Mwanafunzi tuliyemfundisha kulenga vizuri atalenga maisha yake yote, siku nyingi baada ya sisi kuondoka darasani.