🌙 TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Ukiondoka Wewe, Kitabaki Nini?



Ndugu yangu, dada yangu, tumefuturu, tarawehe tumeswali, alhamdulillah. Kaa kidogo tuzungumze habari ya uongozi. Leo tunabaki hapa hapa Unyamwezi, kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaelekea Ujiji ziwani.

Jina la Mtemi Mirambo unalijua, mitaa na shule zimeitwa kwa jina lake. Alizaliwa Uyowa, magharibi ya Tabora, kama mwaka 1840, akiitwa Mtyela Kasanda. Alirithi utemi mdogo tu akiwa kijana. Hilo la Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Akakusanya vijana, wengi wao hawajaoa, wakaitwa rugaruga. Akawapa bunduki, akatwaa nchi moja baada ya nyingine mpaka misafara ikawa haipiti magharibi ya Tabora bila yeye kuridhika.

Mirambo hakuwa Mwislamu, na mahasimu wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara Waislamu wa Tabora. Lakini somo halichagui mwalimu. Na tuseme kweli, njia ile haikubeba pembe na nguo peke yake, ilibeba pia watu waliofungwa minyororo. Katika saf zetu leo yumo mjukuu wa tajiri, yumo mjukuu wa rugaruga, na yumo mjukuu wa aliyefungwa.

Mwaka 1871 jeshi la Tabora lilitoka kumpiga. Likateka mji wa Wilyankuru kwa urahisi. Sasa ona kilichotokea: watu wakarudi wamejitwika pembe, nguo na mateka, kila mmoja anawaza mzigo wake. Mirambo alikuwa amejificha na watu wake majanini, pande mbili za njia. Akawamaliza. Siku chache baadaye akaingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji. Wewe uliyesoma habari za Uhud na wale wapiga mishale walioacha kilima, huhitaji kuelezwa zaidi.

Vita viliendelea miaka kadhaa mpaka wakapatana. Mwaka 1876 Stanley, yule aliyekuwa upande wa Tabora vitani, alikutana naye na wakachanjiana udugu. Alitegemea kukuta jambazi, akakuta mtu mpole wa maneno, mtulivu, asiyejikweza. Mirambo alikuwa anatembea na askari wake, anapigana nao, nyara anawagawia. Ndiyo maana walimfuata. Hapo tumpe haki yake.

Ila sasa tufike penyewe. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo akashika nafasi, lakini kilichokuwa kimeshika nchi ni Mirambo mwenyewe: hofu yake, jina lake, miguu yake. Watemi waliokuwa chini yake wakaanza kujitoa, mmoja mmoja. Haikupita hata miaka 6, Wajerumani wakapandisha bendera Tabora mwaka 1890, na ile nguvu ya Urambo ilikuwa imeshabaki hadithi.

Mwezi huo huo wa Desemba 1884 alifariki mtemi mwingine, Nyungu ya Mawe, kusini mashariki mwa Tabora, katika nchi ya Wakimbu. Huyu naye alikuwa mkali, tena mkali kwelikweli. Lakini alifanya jambo moja: aliweka wasaidizi, kila mmoja na eneo lake, wakajua nini cha kukusanya na kwa nani watatoa hesabu. Alipokufa akarithi mwanamke, Mgalula. Nchi ikasimama. Iliendelea kusimama mpaka Wajerumani walipoifikia.

Wote wawili walikuwa hodari. Mmoja alibeba kila kitu kichwani mwake, mwingine akawatwika watu kazi akiwa hai.

Mtume wetu ﷺ alimtuma Mus'ab bin Umair Madina kabla hata ya Hijra, akamtuma Muadh bin Jabal Yemen, akamkabidhi jeshi Usama akiwa kijana mdogo. Alijenga watu.

Sasa tujiangalie. Msikiti ambao hesabu za waqfu anazijua mzee mmoja tu. Madrasa inayofungwa siku ustadhi anapougua. Baba anafariki, watoto hawajui anadai nani wala anadaiwa na nani, na matanga yanageuka ugomvi. Tunamwita mtu huyo nguzo. Lakini nguzo moja ikianguka na nyumba yote ikaanguka nayo, fundi alikosea.

Usiseme wewe si kiongozi. Una mke, una mume, una watoto, una duka, una wanafunzi. Utaulizwa juu yao.

✅ Kazi ya leo: kabla ya daku, chukua karatasi. Andika madeni yako, amana za watu ulizonazo, na jambo moja ambalo wewe tu unajua kulifanya. Kesho muonyeshe mtu mmoja unayemwamini, na uanze kumfundisha.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wepesi wa kukabidhi, na tukiondoka tuache kheri inayosimama. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Tukutane kesho inshaAllah.