Graham Kennedy: Mfalme wa runinga aliyekataa kuhaririwa

KATIKA historia ya runinga ya Australia, ni wachache waliopendwa kama mchekeshaji na mtangazaji Graham Kennedy, ambaye wananchi walimvisha taji la Mfalme.

Kennedy alizaliwa jijini Melbourne mnamo Februari 15, 1934. Wazazi wake walitengana angali mdogo. Alijifunza utangazaji katika kituo cha redio cha 3UZ, akiwa msaidizi wa mtangazaji mashuhuri aliyejulikana kama Nicky. Nicky alifariki 1956, mwaka ambao runinga ilianza rasmi nchini humo.

Mei 6, 1957, akiwa na umri wa miaka 23, Kennedy alianza kuongoza kipindi cha usiku, In Melbourne Tonight, katika kituo cha GTV-9. Kipindi hicho kilipeperushwa moja kwa moja, hivyo kosa likitokea halikuweza kufutwa. Wengine wangaliogopa, yeye aliligeuza kila kosa kuwa kicheko.

Matangazo ya biashara yalisomwa papo hapo studioni. Badala ya kuzisifu bidhaa kwa unyenyekevu, Kennedy na mwenzake Bert Newton walizifanyia mzaha, wakapitisha muda uliolipiwa. Wenye bidhaa walizidi kumlipa, kwani watazamaji hawakuondoka matangazo yalipoanza.

Ni yeye pia aliyezipa tuzo za runinga za Australia jina la Logie, kwa heshima ya John Logie Baird, Mskoti aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa runinga. Mwenyewe alizitwaa mara kadhaa.

Hata hivyo, ulimi uliomjengea jina ndio uliomponza. Machi 1975, akiwa hewani, aliiga mlio wa kunguru kwa namna iliyosikika kama tusi zito la Kiingereza. Malalamiko yalimiminika, na bodi ya kusimamia utangazaji ikampiga marufuku kuonekana moja kwa moja. Tangu hapo vipindi vyake vilirekodiwa kwanza.

Mwezi uliofuata, kituo kiliondoa maneno aliyomshutumu nayo Seneta Doug McClelland, waziri aliyesimamia vyombo vya habari. Kennedy hakustahimili, akajiuzulu.

Wengi walidhani nyota yake imezimika. La hasha! Aligeukia filamu, akashiriki Don's Party (1976), The Odd Angry Shot (1979) na The Killing Fields (1984). Mwaka 1977 alirejea runingani na mchezo wa maswali, Blankety Blanks, katika mtandao hasimu, na ukavuma.

Aliyewachekesha mamilioni hakupenda umaarufu. Hakuoa, na alipostaafu alijitenga mashambani karibu na mji wa Bowral, ambako alifariki Mei 25, 2005, akiwa na umri wa miaka 71.

Vipindi vyake vingi havikuhifadhiwa. Lakini mtangazaji yeyote wa Australia anayethubutu kumtania anayelipia kipindi anafuata njia aliyoifyeka Kennedy.