Foucault na sheria yenye maneno machache

Sisi wanafunzi wa isimu tunamjua Michel Foucault kwa vitabu viwili: Les mots et les choses (1966) na L'archéologie du savoir (1969). Aliyemsoma V. Y. Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi, amekutana naye huko pia. Nataka kusimulia upande wa maisha yake usiotajwa darasani.

Alizaliwa Poitiers, Ufaransa, mwaka 1926, mtoto wa daktari mpasuaji. Alifanya kazi Uswidi, Polandi na Tunisia, na mwaka 1970 akapata kiti Collège de France. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 mwenzake wa maisha alikuwa Daniel Defert.

Mwaka 1981 aliulizwa kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja. Hakuzikataa, ila aliona kuiga ndoa ni hatua ndogo tu. Kwake, umaskini ulikuwa wa sheria yenyewe: inatambua damu na ndoa, na mahusiano mengine inayaacha bila jina. Alitoa mfano: kwa nini mtu mzima asiweze kumchukua rafiki yake kisheria, kama anavyochukuliwa mtoto wa kulea? Alitaka watu wote, si wapenzi wa jinsia moja peke yao, wapate namna nyingi zaidi za kufungamana.

Mimi namwelewa kwa sababu ya nyanya yangu. Baada ya kufiwa na mume, aliishi miaka mingi na rafiki yake, mjane kama yeye. Rafiki huyo ndiye aliyemwosha na kumlisha alipougua. Siku ya kilio wazee wa ukoo waliuliza huyu ni nani kwetu. Tulisema ni ndugu. Neno hilo lilitutosha sisi; kwenye urithi halikuhesabiwa.

Foucault alikufa Paris tarehe 25 Juni 1984 kwa UKIMWI. Defert, baada ya miaka zaidi ya 20, mbele ya sheria hakuwa jamaa wa marehemu. Mwaka huohuo alianzisha AIDES, chama cha kupambana na ugonjwa huo. Ufaransa ilileta mkataba wa PACS mwaka 1999, na ndoa ya jinsia moja mwaka 2013.

Hapa nabishana kidogo na Foucault: siku ile ya Juni, cheti cha ndoa kingemfaa Defert kuliko hoja yoyote. Lakini rafiki wa nyanya yangu kisingemfaa kitu, naye bado hana jina katika sheria.